Padi Ikizima Dakika ya 88

(Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa Kayole, Nairobi, mbele ya wenye vyumba vya gemu na mafundi chipukizi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiacha nje kelele za jenereta ya kinyozi wa jirani.)

Hamjambo, ndugu zangu. Wazee mlioketi mbele, asanteni kwa kuja. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti viko.

Walionialika waliniomba nizungumze kuhusu padi zisizo na waya, yaani vile vishikio vya mkononi vya kuchezea gemu, na betri zake. Nikacheka kidogo, kwa sababu njiani nikija hapa nimechungulia vyumba vitatu vya gemu, na padi zote nilizoziona zilikuwa na waya. PS4, ile mashine ya PlayStation ya Sony, iko juu ya rafu, waya umetoka mbele, umepita chini ya meza, umefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa kiti ili usivutwe, ndipo ukafika mkononi mwa mteja. Tumenunua padi isiyo na waya, kisha tumeirudishia waya kwa mikono yetu wenyewe. Siwacheki. Hata mimi nilifanya hivyo miaka minne.

Wasionijua, mimi ni fundi. Nina kimeza orofa ya pili, Luthuli Avenue, na vijana wa pale wananiita Mama Padi. Lakini kabla ya bisibisi nilikuwa na chumba changu Umoja: televisheni nne, PS4 nne, viti vya plastiki na friji ya soda. Jumapili moja tukaandaa shindano. Vijana 16, kila mmoja ametoa mchango wake, mshindi abebe chote. Fainali ikafika, bao moja kwa moja, dakika ya 88. Kijana wa kushoto akapenya mabeki wawili, akabaki ana kwa ana na kipa. Hapo hapo mchezo ukasimama, ujumbe ukatokea katikati ya skrini: padi imekatika mawasiliano.

Padi ya nani? Ya yule aliyekuwa anakaribia kufungwa.

Mnajua kilichofuata. Nusu ya chumba ikasema ameizima makusudi, maana kitufe cha katikati ukikishikilia sekunde chache padi inazima. Nusu nyingine ikasema bahati mbaya haina adabu. Mtu akapanda juu ya kiti. Nikaichukua ile padi, nikabonyeza, taa haikuwaka. Nikabonyeza tena, wapi. Betri ilikuwa imekwisha kabisa, na nilijua sababu: usiku ule stima ilipotea mtaa mzima, na padi zote zilikuwa kwenye chaji. Asubuhi nilifungua chumba nikidhani zimejaa. Siku ile niliwalipa washindi wawili kutoka mfukoni mwangu, na soda juu.

Tangu hapo, mtu akiniletea padi mpya akanisifia kwamba inakaa saa kadhaa, nasikiliza tu kwa heshima. Swali langu ni hili: ikizima mbele ya mteja, nani anaweza kuiamsha, na kwa dakika ngapi?

Sasa tuziangalie zenyewe. Ukiondoa mapambo yote, padi zisizo na waya ni za koo mbili. Kuna zinazokula mawe madogo, yale ya AA tunayoweka kwenye rimoti na saa za ukutani. Na kuna zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa tumboni, unayoichaji kwa waya. Microsoft wameshikilia mawe tangu mashine yao ya Xbox 360 ya mwaka 2005 hadi padi ya Xbox Series ya mwaka 2020. Sony wao walifungia betri ndani tangu PS3 ya mwaka 2006 na hawajarudi nyuma. Nintendo walianza na mawe, Wii ya 2006 ilikula AA mbili, kisha wakahamia kwenye betri ya ndani.

Nataka niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna padi moja ambayo wengi wenu hamjawahi kuishika na inanifundisha mpaka leo. Mwaka 2002 Nintendo walitoa padi ya mashine yao ya GameCube, iliyoitwa WaveBird. Mawe mawili ya AA, na wenyewe walisema inakaa hadi saa 100. Mia moja! Siri yake? Haikuwa na mtetemo. Waliondoa ile mota inayotikisa mikono, na njaa ikaondoka nayo. Miaka kumi baadaye, padi ya Pro ya Wii U ilikuwa na betri ya 1300 mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri, na ikatajwa saa 80. Ikaja padi ya Pro ya Switch, mwaka 2017, betri ya kiasi kile kile, 1300 mAh, ikatajwa saa 40. Betri ni moja, saa zimekatwa katikati. Ndani waliongeza mtetemo wa kisasa zaidi na vihisio vya mwendo. Kwa hiyo mtu akikwambia padi yake ina betri kubwa, muulize pia ina midomo mingapi ya kulisha.

Tupige hesabu ya pamoja. Mtu mwenye simu afungue kikokotoo. Ukizidisha ampea-saa kwa volti unapata wati-saa, ndiyo chakula chenyewe. Padi ya PS4 ina 1000 mAh, yaani ampea-saa moja, kwa volti 3.65: wati-saa 3.65. Padi ya PS5 ina 1560 mAh kwa volti hizo hizo: karibu wati-saa 5.7. Ile ya Pro ya Switch, 1300 kwa 3.7, inatoa 4.8. Sasa chukua mawe mawili ya AA ya kuchajika, yale ya nikeli, kila moja volti 1.2 na tuseme 2000 mAh. Unapata 4.8 pia. Padi ya Xbox yenye mawe ya kuchajika na padi ya Switch zimebeba sahani moja ya chakula, na kampuni zote mbili zinataja hadi saa 40, ingawa Xbox wanazungumzia mawe ya dukani ya kutupwa. Ya PS5 imebeba sahani kubwa kuliko zote, na mezani kwangu, mtu akicheza gemu lenye vurugu, sijaiona ikivuka saa kumi na mbili. Mara nyingi ni chini ya hapo.

Inakula na nani? Fungua ile padi ya PS5 uone. Badala ya mota mbili za kawaida kuna vitikisio vinavyofanya kazi kama koni ya spika, ndiyo maana unasikia tone la mvua na changarawe mkononi. Nyuma ya kila kitufe cha kufyatulia kuna kimota chenye gia kinachosukuma kidole chako kikurudishe. Ongeza spika, maikrofoni, taa, kibao cha kugusa kwa kidole. Uhondo ni mtamu, sikatai. Mwanangu akiushika haachi. Lakini kila utamu una bili yake ya stima. Ile ya PS4 nayo ina ule mstari wa taa mbele, uliowekwa ili kamera iione padi iko wapi. Kamera hiyo nani kati yenu anayo? Hakuna mkono. Basi ingieni kwenye mipangilio mpunguze mwanga wake. Hauzimiki kabisa, ila unapungua. Na kwenye PS5 mnaweza kupunguza nguvu ya mtetemo na ya vitufe vya kufyatulia. Kwa mechi ya mpira mteja hatagundua.

Sasa kuhusu mawe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimesikia watu wakiyadharau kana kwamba ni mambo ya redio ya babu. Chumba chenye Xbox mbili kina padi nne. Tuseme kinafanya kazi kwa muda wa saa 12 kila siku. Ahadi ni saa 40. Mimi huhesabu 30 ili nisijidanganye. Jozi moja ya mawe inakwisha baada ya siku mbili na nusu. Kwa mwezi wa siku 30 ni jozi 12 kwa kila padi, yaani mawe 24, na kwa padi nne ni mawe 96. Kila mwezi! Ukinunua ya kutupwa, unamfanyia kazi mwenye duka. Na yale ya bei ya chini kabisa ya barabarani hayafiki hata saa 30, msijidanganye na rangi ya dhahabu.

Mwenye akili ananunua mawe ya kuchajika. Zamani yalikuwa na tabia mbaya: ukiyachaji ukayaweka kabatini wiki kadhaa, unakuta yamejimaliza yenyewe. Mwaka 2005 Sanyo wa Japani wakatoa Eneloop, yanayotunza chaji hata mwaka mzima bila kupoteza nyingi, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Siku hizi aina hiyo ndiyo ya kununua. Kwa padi nne unahitaji mawe 16: manane yako ndani ya padi, manane yako kwenye chaja au kwenye mkebe yakisubiri zamu. Padi ikizima, unafungua kifuniko cha nyuma kwa kidole gumba, unayatoa mawili, unaingiza mawili, unafunga. Nimepima kwa saa: sekunde kumi na tano, pamoja na lile moja linaloangukaga chini ya kiti. Na hiyo ndiyo dakika ya 88 ninayoisema. Ule ugomvi wa Umoja ungekwisha kabla mtu hajapanda kiti.

Nitasema na ubaya wake. Mawe ya nikeli yanakaa kwenye volti 1.2 muda mrefu halafu yanaporomoka ghafla, kwa hiyo kile kipimo cha betri kwenye skrini hakiaminiki. Kinaweza kukuonyesha bado yapo, na baada ya nusu saa giza. Kuna mengine mapya ya lithiamu ya volti 1.5 yenye tundu la USB kwenye jiwe lenyewe. Hayo kipimo kitakuonyesha yamejaa mpaka sekunde ya mwisho. Na yale ya alkali ya kutupwa ukiyasahau ndani ya padi miezi sita yanavuja. Nimefungua padi nyingi zenye ule unga mweupe kwenye springi. Unasafisha kwa kijiti cha pamba chenye siki au maji ya limau, unafuta, unakausha, unasugua taratibu mpaka chuma king'ae. Ikiwa kutu imekula springi yenyewe, njoo kwangu.

Jambo moja ninalolikataza kabisa: kuna betri za lithiamu zilizo na umbo sawasawa na AA, ila zina volti 3.7 kila moja. Zinaingia vizuri, kifuniko kinafunga. Mbili zinatoa volti 7.4 mahali panapotarajia tatu. Kijana aliniletea padi ya namna hiyo inanuka plastiki iliyoungua. Sikuwa na la kumfanyia. Soma maandishi kwenye jiwe kabla ya kuliingiza.

Mtanishangaa: kama mawe ni mazuri hivi, mbona vyumba vyote vya Eastlands ni PlayStation? Kwa sababu mteja ndiye anayelipa, na mteja anataka PS. Sikuja kuwauzia Xbox. Basi tuseme jinsi ya kuishi na betri ya ndani.

Betri ya lithiamu ni kama tairi la matatu: imetengenezwa iishe. Ukiijaza na kuimaliza mara 300 hadi 500 hivi, inabaki na kama robo tatu au asilimia 80 ya nguvu yake ya kwanza, halafu inaendelea kushuka. Nyumbani, kwa mtoto anayecheza wikendi, hiyo ni miaka. Kwenye chumba chako, padi inayojazwa mara mbili kwa siku inafika hapo ndani ya mwaka mmoja. Hakuna aliyekuibia. Ni umri.

Na sisi tunauongezea umri huo. Vitu viwili vinaizeesha haraka: joto, na kukaa imejaa pomoni. Sasa fikiria padi yako iliyochomekwa kwenye PS4 mchana kutwa. Betri imejaa, haitumiki, na iko kwenye chumba cha mabati saa nane mchana chenye watu kumi na watano. Umeichemsha. Ndiyo maana siku unapochomoa waya inazima baada ya dakika kumi, nawe unasema betri za Sony ni mbovu. Halafu kuna lile tundu la chaji. Padi ya PS4 ina tundu la zamani, micro-USB, lenye ulimi mwembamba kama ukucha wa mtoto. Kila mteja akifunga bao anaruka, waya unavuta, tundu linalegea. Mezani kwangu matundu yaliyolegea ni mengi kuliko betri zilizokufa. Ya PS5 na ya Xbox mpya ni USB-C. Haiingii upande mbaya na inavumilia zaidi. Wale ambao bado wana PS3, padi zenu hazichaji kwenye chaja nyingi za simu za ukutani. Zinataka ziongee kwanza na mashine. Siyo kwamba imekufa. Ichomeke kwenye PS3 yenyewe iliyowashwa, au kompyuta.

Kubadilisha betri ya PS4 ni kazi ya dakika kumi, na nitawaonyesha. Skurubu nne nyuma, bisibisi ndogo ya nyota. Unatenganisha maganda kuanzia kwenye mikono, taratibu, kwa sababu ndani kuna utepe mwembamba mweupe unaounganisha pande mbili. Ukivuta kwa hasira umeukata. Betri imelala kwenye kitanda chake cha plastiki, haijagandishwa kwa gundi. Unachomoa kile kichwa cha waya, unaingiza kipya. Kosa ninaloliona kila wiki ni moja: padi za PS4 za kwanza na zile zilizokuja baadaye, zenye mwanga mwembamba juu ya kibao cha kugusa, vichwa vyake vya waya havilingani ukubwa. Mtu ananunua betri, anafika Githurai, anafungua, haiingii, anarudi na matatu. Njoo na betri ya zamani mkononi, tulinganishe.

Ya PS5 ni ngumu kidogo. Lazima ung'oe lile pambo jeusi linalozunguka vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba, na skurubu mbili kati ya zile nne zimefichwa chini ya vitufe vya L1 na R1, ambavyo navyo unaving'oa. Mara ya kwanza nilitokwa na jasho. Ya Switch inafunguka bila matata, na kuna jambo linalonifurahisha: betri yake ni ile ile iliyokuwa kwenye Nintendo 3DS ya mwaka 2011. Mtu alifikiria mbele. Kuhusu padi ya Xbox ya bei ghali, Elite Series 2 ya mwaka 2019, sitasema mengi. Wale wale waliotuachia mlango wa nyuma kwa padi ya kawaida, kwa padi ya mkubwa wakaizika betri chini ya kila kitu. Sielewi.

Na betri za kubadilishia, jihadharini. Nimefungua padi bandia ambayo betri yake imeandikwa 1000 mAh kwa herufi nzuri, ukichana karatasi unakuta kipande kidogo kuliko kidole gumba changu, na nafasi iliyobaki imejazwa sponji. Sitawatajia duka. Ipime kwa mkono: uzito haudanganyi. Ikiwa nyepesi kama kiberiti, irudishe.

Kuna njia ya katikati ambayo wachache wameijaribu. Kampuni ya 8BitDo, kwa mfano, walitoa padi ya Pro 2 mwaka 2021: nyuma kuna pakiti ya lithiamu ya 1000 mAh unayoichaji kwa waya, na ukitaka unaitoa pakiti nzima, unaweka mawe mawili ya AA mahali pake. Microsoft nao wanauza pakiti ya kuchajika inayokaa pale pale pa mawe. Mwaka 2020 walipoulizwa kwa nini bado wanang'ang'ania AA, walijibu kwamba wachezaji wamegawanyika, wengine wanataka mawe, wengine betri, na mlango wazi unawaridhisha wote. Mimi jibu hilo linanitosha. Mlango ni kipande cha plastiki tu.

(Hapa mzee mmoja wa safu ya pili aliinua mkono. Akauliza: “Mama, stima ikipotea, televisheni imezima, PS imezima. Hiyo padi yenye chaji nitacheza nayo nini, kivuli?” Watu wakacheka, nami nikacheka.)

Mzee wangu, umenishika pabaya. Ni kweli. Agosti 25, 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege ulikaa gizani, sembuse chumba chako. Padi haikusaidii gizani, labda wale vijana wanaoiunganisha na simu kwa Bluetooth. Ninachokisema kinahusu saa ile stima inaporudi. Imepotea usiku kucha, imerudi saa tatu asubuhi, wateja wako mlangoni, televisheni inawaka, PS inawaka, na padi nane zimelala njaa. Ya lithiamu inataka saa mbili, tatu mpaka ijae. Wewe utazichomeka waya, na wateja watacheza zikiwa kwenye kamba. Hapo ndipo tulipoanzia leo. Mwenye mkebe wa mawe yaliyojaa tangu juzi anaanza kuhesabu pesa saa tatu na dakika moja.

Kwa hiyo kwa wenye PS, ushauri wangu ni wa kizembe: nunua padi moja zaidi kwa kila mashine, ziingie kwa zamu. Mbili ziko kazini, moja iko kwenye chaji mahali penye upepo, siyo juu ya PS inayopumua moto. Ikijaa, chomoa. Ukifunga chumba kwa muda mrefu, usiziache zimejaa wala zimekauka, nusu inatosha. Iliyokauka ikikaa miezi inaweza kukataa kabisa kuamka. Na weka kilinda-stima ukutani, kwa sababu stima inaporudi kwa kishindo ndipo chaja zinapokufa.

Betri ikivimba kama mandazi na maganda ya padi yakaanza kuachana, hiyo siyo ya kuchaji mara moja ya mwisho. Usiitoboe ili “itoe gesi.” Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo kwa bisibisi, na moshi wake ulitutoa sote hadi kwenye ngazi. Itoe polepole, iweke ndani ya mkebe wa mchanga, na usiitupe kwenye gunia linaloelekea jaa la Dandora, ambako itapondwa chini ya lori au kuokotwa na mtoto. Kule Utawala kuna WEEE Centre, wanapokea taka za kielektroniki. Mimi hukusanya za kwangu kwenye ndoo na kuzipeleka zikijaa. Nileteeni na zenu, sitozi kitu.

Habari ya mwisho ni ya mbali, ila itatufikia. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri mwaka 2023, na kuanzia Februari 18, 2027 betri ndogo za vifaa vinavyouzwa kule zitatakiwa ziwe za kutolewa na kubadilishwa na mwenyewe, kukiwa na misamaha michache. Maoni yangu ni kwamba kiwanda hakitatengeneza padi moja ya Paris yenye mlango na nyingine ya Nairobi iliyozibwa. Ni gharama mara mbili. Watu wa biashara wataniuliza kama basi nitakosa kazi. Matundu ya chaji bado yapo, na vijiti vinavyojiendea vyenyewe bado vipo. Sitalala njaa.

Haya, leteni ile meza karibu na dirisha, mwanga ni mzuri bado. Nina bisibisi sita na padi tatu za PS4 zilizokufa. Wewe kijana wa shati la kijani, ulisema yako inazima baada ya robo saa. Iko wapi? Toa waya kwanza. Sasa igeuze, tuanze na skurubu ya chini kushoto.